Je, Wajua? Kura za Kiganjo Hutafutwa Kwanza Kwenye Vikundi vya Akina Mama

Msafiri wa Nanyuki huipita Kiganjo haraka. Akitupa macho dirishani ataona njia ya kwenda Chuo cha Polisi, alikofunzwa mwanariadha Kipchoge Keino kabla dunia haijalijua jina lake, kisha kiwanda cha maziwa cha New KCC, reli ile iliyofika Nanyuki mwaka 1930, na wanawake wenye ndoo na viondo wakisubiri matatu ya kwenda mjini Nyeri. Mji ni mdogo, lakini siasa ya urais imepita hapa mara nyingi. Na kila ilipopita, kazi ngumu ya mashinani ilifanywa na wanawake ambao sura zao hazijawahi kuchapwa kwenye bango lolote.

Je, wajua kwamba Ikulu ndogo ya Sagana, karibu na Kiganjo, ndipo Binti Mfalme Elizabeth alipopewa habari, Februari 6, 1952, kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ni malkia? Nyumba hiyo alikuwa amepewa kama zawadi ya harusi, ikarudi mikononi mwa Kenya wakati wa Uhuru. Miaka 70 baada ya habari ile, Februari 23, 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita watu wa Mlima Kenya kwenye uwanja wake akawaomba wamuunge mkono Raila Odinga katika uchaguzi wa urais. Mahema yalijaa na hotuba zilirushwa moja kwa moja kwenye runinga. Agosti ilipofika, Nyeri ilimpa mpinzani wake, William Ruto, kura nyingi mno. Waliopita kijiji kwa kijiji miezi ile wanajua kilichotokea: maneno ya Sagana yalisemwa kwenye kipaza sauti mara moja, wakati maneno ya upande wa pili yalikuwa yakirudiwa kila wiki katika mikutano ya vikundi vya akina mama, na watu wanaoaminiana.

Vikundi hivyo vina umri mrefu kuliko chama chochote cha siasa kilichopo Kenya leo. Ukulima wa kusaidiana shamba kwa shamba, ngwatio, ni wa enzi za mababu. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto, wanawake wa Nyeri ndio waliopeleka chakula, risasi na habari msituni, na hata serikali ya kikoloni ilipowafungia watu wapatao milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, njia zao hazikuzibika kabisa. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, alikuwa mwana wa Nyeri. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, akina mama wa Mkoa wa Kati walianza kuchanga pesa ili kila mmoja wao aezekewe nyumba kwa mabati badala ya nyasi. Mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Paa la mabati lilimaanisha maji safi ya mvua yanayoingia kwenye pipa, na mama kupunguziwa safari za mtoni. Ukiwauliza wazee wa vijiji vya mlimani ni nani aliyeleta mabati, hawakutajii waziri wala mbunge.

Je, wajua jinsi kikundi cha namna hiyo kinavyogeuka kuwa mtambo wa kampeni bila kubadilisha chochote? Chukua kikundi cha wanachama 20. Wanakutana kwa zamu kwenye nyumba ya mmoja wao, alasiri, ng'ombe wakiwa wameshalishwa na kabla ya saa ya kukama jioni. Katikati ya chumba kuna meza ndogo, na juu yake sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanawake watatu tofauti, hivyo sanduku halifunguki mpaka wote wawepo. Katibu anasoma majina. Kila mmoja anaweka mchango wake mezani, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na mweka hazina anaandika katika daftari la mistari ambalo kila mwanachama ana haki ya kuligeuza alione. Mwenye deni anasimama na kueleza. Aliyefiwa anatolewa rambirambi, aliyejifungua anapangiwa siku ya kutembelewa, kisha chai inanywewa.

Sasa mtu wa kampeni akija hapo, anapata vitu ambavyo pesa nyingi haziwezi kumnunulia kwa wiki moja. Anapata majina kamili na namba za simu, na uongozi ambao watu waliuchagua wenyewe. Anapata kumbukumbu ya nani husema kweli na nani hupiga chuku. Tena kila mwanachama ana nyumba yenye watu wazima wawili au watatu, na ana dada aliyeolewa kijiji kingine ambako kuna kikundi kingine. Kwa hiyo habari iliyoanzia kwenye meza ile Jumanne huweza kufika Naro Moru na Karatina kabla ya Jumapili, na ikifika inasemwa na shemeji au jirani, mtu ambaye ukimkatalia utakutana naye kesho kwenye kituo cha maziwa.

Rachel Ruto, mkewe William Ruto, alilielewa hili mapema. Shirika lake la Joyful Women lilianzishwa mwaka 2009, miaka 13 kabla ya mumewe kushinda urais, likafundisha wanawake nchi nzima kukopeshana mezani kwa mtindo huo huo. Sisemi kwamba lilianzishwa kwa ajili ya kura. Ninasema kwamba mgombea aliyeongea habari za uchumi wa kutoka chini mwaka 2022 alikuwa akizungumza na wanawake waliokuwa tayari wameufanya kwa mikono yao, na hakuhitaji kuwaeleza maana yake.

Je, wajua kwamba Hazina ya Uwezo ilitokana na duru ya pili ya uchaguzi ambayo haikufanyika? Mwaka 2013 serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 6 endapo hakuna mgombea ambaye angevuka nusu ya kura. Uhuru Kenyatta aliahidi kwamba akishinda raundi ya kwanza, fedha hizo zitakwenda kwa vijana na wanawake. Alishinda, na Septemba 2013 hazina ikazinduliwa. Ili kukopa, watu walitakiwa wawe kwenye kikundi kilichosajiliwa. Kabla yake, mwaka 2007, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilikuwa imeanzisha Hazina ya Wanawake. Tangu hapo kila kampeni ya urais mlimani imekuja na ahadi ya mfuko fulani, na kila mfuko umewarudisha akina mama kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii kutafuta cheti cha usajili. Sheria ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Kwa njia hii serikali yenyewe imewasaidia wanawake kujipanga, hata pale ambapo haikukusudia kuwapa nguvu.

Kibaki anastahili kusimuliwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu Nyeri ilikuwa kwao. Je, wajua kwamba mwanamke ndiye aliyechangia kumrudisha nyumbani kisiasa? Kibaki alizaliwa Gatuyaini, Othaya, lakini alianza ubunge Nairobi. Katika uchaguzi wa 1969, eneo la Bahati, mpinzani wake alikuwa Jael Mbogo, na alimtoa jasho hata ushindi wake ukawa mwembamba mno. Uchaguzi uliofuata, wa 1974, Kibaki aligombea Othaya, na hakuondoka tena mpaka alipostaafu.

Upigaji kura wa mlolongo wa 1988 ulikuwa mtihani wa aina yake. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, mchana kweupe, mbele ya chifu. Mwanamke aliyetegemea cheti cha chifu, au ambaye mumewe alikuwa mtumishi wa serikali, alisimama kwenye foleni huku macho yote yakimtazama. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza mwaka 1952, wakati huo kilikuwa kimemezwa na chama tawala, KANU, tangu 1987 hadi 1991. Kwa hiyo hata mahali ambapo akina mama wangekutana rasmi palikuwa na mwenyewe. Vikundi vidogo visivyo na jina kubwa ndivyo vilivyobaki huru, kwa sababu nani angejisumbua kuwapeleleza wanawake wanaochangiana kununua sufuria?

Kura ya siri na vyama vingi vilirudi, na Democratic Party (DP) ya Kibaki ikapata sikio Nyeri. Mwaka 1992 alikuwa wa tatu, 1997 wa pili, na katika miaka hiyo yote mitano katikati hapakuwa na pesa za serikali wala magari ya kubeba watu. Chama kiliishi kwa michango ya wanachama, na wanawake walikuwa nguzo. Mmoja wa wapiga debe wake waliojulikana sana, Mary Wambui, baadaye alikuwa mbunge wa Othaya, kuanzia 2013 hadi 2017.

Kwa nini wanawake hao walishikilia? Jibu moja lipo Kiganjo penyewe, kwenye kile kiwanda cha maziwa. KCC ya zamani iliporomoka kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, na wakulima wakakaa muda mrefu wakipeleka maziwa bila kulipwa. Mzigo huo ulimwangukia nani? Mama ndiye anayeamka gizani kukama, ndiye anayekata majani ya ng'ombe, na mara nyingi akaunti ya malipo ina jina la mume. Maziwa yasipolipwa, anayejua kwanza ni yeye, maana karo na sukari viko mikononi mwake. Mwanamke wa aina hiyo hahitaji kuelezwa siasa za uchumi. Serikali ya Kibaki ilipokirudisha kiwanda mikononi mwa umma mwaka 2003 kwa jina la New KCC, na elimu ya msingi ikawa bila malipo Januari mwaka huo huo, wengi waliona kwamba safari zao za miguu hazikupotea bure.

Kitu kimoja kuhusu uchaguzi wa 2002 husahauliwa. Desemba 3, majuma matatu na siku chache kabla ya kura, Kibaki alipata ajali ya gari akitoka kampeni Machakos, akalazwa Nairobi, kisha akapelekwa London. Mgombea hakuwepo katika siku zile ambazo wagombea wengine hulala njiani. Wenzake wa muungano wa NARC walizunguka nchi kwa niaba yake, na huku chini akina mama waliendelea kama kawaida, maana kazi yao haikuwa ikimtegemea awepo jukwaani. Aliapishwa Desemba 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Je, wajua kwamba mwaka 1997 karatasi ya urais ilikuwa na wanawake wawili kwa mara ya kwanza, na mmoja alikuwa mwana wa Nyeri? Charity Ngilu aligombea kwa Social Democratic Party, Wangari Maathai kwa Liberal Party. Ngilu amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia siasani mwaka 1992: alikuwa jikoni kwake akiosha vyombo, akasikia wanawake wa Kitui wakija wakiimba, nao wakamwambia wamekuja kumwomba asimame ubunge. Alisimama, kwa tiketi ya DP, akashinda. Kwa hiyo hapa ni wafuasi waliomtafuta mgombea, wakamkuta na mikono yenye povu la sabuni, na miaka mitano baadaye alikuwa akiomba urais. Mwaka 2002 aliungana na Kibaki na Michael Wamalwa, na umoja huo ukawa msingi wa NARC.

Hadithi ya Maathai inaniuma. Mama huyu wa Ihithe, Tetu, alikuwa amewapanga wanawake tangu 1977 kuotesha miche ya miti, akiwalipa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka 1992 alikuwa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park, polisi walipowapiga na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Alikuwa na mtandao mpana wa wanawake wa mashinani. Lakini Tetu inapakana na Othaya, na mwaka 1997 Kibaki alikuwa kwenye karatasi ile ile. Maathai aliambiwa anagawa kura za watu wake. Siku chache kabla ya uchaguzi chama chake mwenyewe kilitangaza kuwa kimemwondoa, na akashindwa urais na ubunge pamoja. Wanawake waliopanda miti naye walikuwa wale wale waliopanga kura za Kibaki. Walimpenda, ila waliamini kwamba Rais Moi hataondoka kura zikitawanyika. Ninaelewa hesabu yao. Lakini ninajiuliza ni mara ngapi mwanamke amepewa jibu hilo, kwamba zamu yake itafika baadaye. Mwaka 2002, akiwa upande wa NARC, Tetu ilimpa asilimia 98 ya kura za ubunge. Miaka miwili baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mbinu hii ya kupitia vikundi vilivyopo haikuvumbuliwa mlimani peke yake. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka kuwavuta wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, ambavyo vilikuwa na viongozi wao, sare zao na michango yao, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa na kadi za chama. Liberia mwaka 2005, wanawake wa sokoni walifanya kazi ya namna hiyo kwa mgombea urais Ellen Johnson Sirleaf.

Je, wajua kwamba mtu hawezi kugombea urais wa Kenya bila saini zisizopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika kaunti zaidi ya nusu? Kaunti ni 47, kwa hiyo ni 24 zikizidishwa mara 2,000: saini 48,000. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi ilitaka pia nakala za vitambulisho. Nani atampa mgeni nakala ya kitambulisho chake? Watu wanampa mtu wanayemjua, na ndiyo maana karatasi hizo hupitia mikononi mwa viongozi wa vikundi.

Siku ya kura yenyewe kuna kazi nyingine isiyo na wimbo wala ngoma. Wakala wa mgombea hufika kituoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo baridi ya Kiganjo bado inauma vidole. Anakaa kwenye kiti cha darasani mchana kutwa, akilinganisha majina. Kura zikimwagwa mezani anasimama. Kila karatasi inainuliwa na kuonyeshwa, na yeye anaweka alama zake kwenye daftari, mistari minne na wa tano unaokatiza. Usiku wa manane Fomu 34A ya matokeo inajazwa, naye anaisoma tarakimu kwa tarakimu kabla ya kutia saini, kisha nakala moja inabandikwa mlangoni. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo zaidi ya 46,000. Mwanamke aliyeshika daftari la mikopo kwa miaka 10 bila senti kupotea ana maandalizi yanayomfaa kabisa kwa kazi hii. Vyama vinavyowaweka wanawake hao jukwaani wacheze, kisha kuwapa wapwa wa wanasiasa uwakala, vinajiumiza vyenyewe.

Hapa ni lazima leso na unga vinavyogawiwa wapiga kura vitajwe. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumpa mpiga kura kitu ili apige kura namna fulani, na anayepokea pia ana hatia. Hata hivyo kila msimu magari huja na mafurushi. Mama anayepokea pakiti mbili za unga wakati wa ukame simlaumu. Wanaonikera ni wagombea wanaodhani wamemaliza naye. Vikundi kadhaa mlimani vimejifunza kudai kitu kikubwa zaidi: hema na viti vya kukodisha kwenye harusi na mazishi, tangi la maji, barabara ya kufikisha maziwa kiwandani. Kinachohitajika sasa ni kudai kwa maandishi, kwa tarehe, na nakala ibaki kwenye sanduku lenye kufuli tatu.

Maana ahadi za mdomo zinajulikana zinapoishia. Mwaka 2022 William Ruto aliahidi kwamba nusu ya Baraza la Mawaziri itakuwa ya wanawake. Orodha ilipotoka Septemba, hawakufika nusu. Upande wa Raila, Martha Karua wa Kirinyaga alikuwa mgombea mwenza, mwanamke wa kwanza kuwekwa katika nafasi hiyo na muungano mkubwa, na bado mlima alikotoka ulipigia upande mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa amegombea urais mwaka 2013 na kupata kura 43,881 nchi nzima. Katika ngazi ya kaunti hali ni tofauti: magavana wanawake waliochaguliwa mwaka 2022 walikuwa 7, na 3 kati yao walitoka kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya, yaani Kirinyaga, Embu na Meru.

Na je, wajua kwamba Bunge la Kenya liliwahi kutakiwa livunjwe kwa sababu ya wanawake? Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo, na Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Bunge lililochaguliwa Agosti 2022 liliapishwa bila wanawake kufikia thuluthi moja, na wabunge wa Mlima Kenya walioingia humo, wa kila chama, waliingia kwa kura zilizotafutwa na akina mama. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Wapiga debe wameshaanza kuulizia vikundi vya Kiganjo vinakutana siku gani.